Uzoefu wangu wa kupanga kisa cha kwanza kwa kitabu cha Cyberpunk RED

Nilinunua kitabu kikuu cha Cyberpunk RED, toleo la mwaka 2020 la mchezo wa mezani ambao Mike Pondsmith aliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, ili niwaongoze rafiki zangu wanne ambao hawakuwahi kuigiza wahusika kwa karatasi na dadu. Mambo yanatukia mwaka 2045 katika Night City, jiji la kubuni lililo pwani ya California.

Kosa nililifanya mwenyewe: kabla sijafika sura ya msimamizi wa mchezo, nilikwisha kuandika kurasa kumi na mbili za kisa kilichonyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Haikupita nusu saa wachezaji wakaliacha jengo nililowachorea, wakamfuata dereva wa lori hadi nyumbani kwake, na karibu kila nilichoandika kikakosa kazi.

Sura hiyo niliyoiruka ndiyo inayokipa kitabu thamani yake machoni pangu. Inafundisha kukipanga kisa kwa mapigo, yaani matukio mafupi yanayofuatana: kwanza chambo cha kuwavuta wahusika, kisha mapigo ya kufunua habari yakipokezana na mapigo ya hatari, hadi kilele na hatima. Niliandika upya kwa sentensi mbili kwa kila pigo, na safari hii wachezaji walipochepuka nililihamisha tu pigo lililofuata likawakuta huko walikokwenda.

Kanuni nyingine iliyonisaidia sana ni ile inayomtaka mdukuzi awe ndani ya mita 6 kutoka mahali pa kuingilia mtandao wa jengo. Kwa kuwa hawezi kufanya kazi yake akiwa amejifungia chumbani, niliiweka sehemu hiyo nyuma ya lifti ya ghorofa ya tatu, na kundi zima likalazimika kupanga namna ya kumfikisha pale na kumlinda akiwa kazini, jambo ambalo lilimpa kila mmoja wajibu bila mimi kumgawia. Mapigano yenyewe ni mepesi kuyaelewa: uwezo, ujuzi na dadu ya pande 10 hujumlishwa, basi.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asiwe mkarimu kwa malipo. Kuishi ndani ya kontena la mizigo hugharimu 1,000 kwa mwezi kwa fedha ya mchezo, kwa hiyo dalali wangu, yaani mhusika anayewapa wachezaji kazi, alitoa 500 kwa kila mtu, na kodi ikawasukuma wenyewe kuulizia kazi ya pili. Chambo chake nimekwisha kukiandika: anayewatafuta safari hii ni yule dereva wa lori.