Kipoozeo cha oili ya giaboksi kwenye Hilux ya auto: miezi minane baadaye

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena uani kwangu. Leo sina gari mpya. Ni hii hii Hilux Revo, dizeli 2.8, auto ya gia sita, na swali ni lile lile ninaloulizwa kila nikipaki: hicho kidude nyuma ya grili ni cha nini?

Ngoja nisogeze kamera. Mnakiona? Kama rejeta ndogo, ukubwa wa daftari la shule, sahani za alumini zimepangwa moja juu ya mwenzake, na mipira miwili, mmoja unaingia mwingine unatoka. Ni kipoozeo cha oili ya giaboksi. Mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, wanakiita "kula", yaani cooler ya Kiingereza, kwa hiyo ukisikia fundi anakwambia bosi, gari hii inataka kula, usidhani anaomba hela ya mchana.

Kwa nini nilikinunua? Auto haina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na gia kuna konveta, na konveta inapitisha nguvu kwa kuisukuma oili. Ukiwa kwenye lami tambarare, mle ndani kuna klachi ndogo inajifunga, nguvu inapita moja kwa moja, oili inapumzika. Ukipanda mlima polepole na mzigo, klachi ile inaachia, oili inabaki kukorogwa tu. Kukorogwa huko ndiko kunakozaa joto.

Sasa, mnaijua Kitonga, ule mlima wa kona kali njia ya Iringa. Umeshatoka Ruaha Mbuyuni, mbele yako semitrela linatambaa, kulipita huthubutu maana kona haioneshi kinachokuja. Mimi mgongoni nina mashine ya kusaga na magunia ya vipuri vyake. Nimechomeka kile kisomaji cha OBD, kidude kinachosoma kompyuta ya gari, simu inanionyesha joto la oili ya giaboksi. Morogoro nyuzi 88. Ruaha Mbuyuni 92. Katikati ya Kitonga, 119. Mama watoto akaniambia izime hiyo simu, utatupeleka korongoni.

Oili ya auto inaishi raha kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikivuka 120 inazeeka haraka sana. Mafundi wana kanuni yao ya miaka mingi kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri wa oili unakatika nusu. Na usisubiri taa ya onyo kwenye dashibodi, ile inawaka mambo yakiwa yameshafika mbali.

Tuje kwenye bidhaa. Hii yangu ni ya sahani, siyo ile ya bomba moja lililopindwapindwa. Ukienda dukani chagua ya sahani, inapooza vizuri zaidi kwa ukubwa ule ule. Jina la chapa silitaji, kwa sababu stika hii hii nimeikuta kwenye vipoozeo vitatu visivyofanana hata kidogo. Angalia kazi ya mkono badala ya stika: chomelea za pembeni ziwe sawa, na midomo ya kuingizia mpira iwe na ule ukingo ulioinuka unaouzuia usichomoke.

Ubovu wa seti yenyewe ni huu hapa. Wanakupa nyuzi za plastiki eti upitishe katikati ya kipoozeo ukikaze moja kwa moja kwenye kondensa ya eisii. Usithubutu. Barabara ya vumbi ikishatikisa miezi miwili, plastiki inasaga mapezi ya alumini kama msumeno. Mimi nilimpelekea fundi wa kuchomelea vipande viwili vya chuma bapa, akavitoboa, nikaweka raba kila kwenye bolti. Na mpira waliotia kwenye boksi niliutupa. Oili hii inatembea na joto kali, inataka mpira wa ATF wenyewe, yaani wa oili ya auto. Mpira wa maji utavimba na kulainika, siku moja utakuachia mlimani.

Mpangilio wa mipira pia una maana. Oili inatoka kwenye giaboksi, inapita kwenye kipoozeo kilichomo ndani ya rejeta, ndipo inakuja huku mbele, halafu inarudi. Ukigeuza, ile rejeta inayochemka inaipasha moto tena oili uliyoipooza. Na kabla hujanunua, chungulia nyuma ya grili, maana kuna pikapu zinakuja na kipoozeo cha nje tangu kiwandani.

Haya. Tulimaliza kufunga saa kumi jioni, nikawasha gari kwa furaha. Naweka D, gari inakaa sekunde mbili ndiyo inashika. Napanda kilima kidogo cha mtaani, injini inapiga kelele, gari haiendi. Giaboksi inavuma kama nzi kwenye chupa. Laki mbili na themanini nimetoa, gari imekuwa mbovu kuliko asubuhi!

Kosa lilikuwa nini? Kipoozeo na mipira vinameza oili yao, na hakuna aliyeijazia. Fundi, Mungu ambariki, alitafuta dipstiki akaikosa, akasema bosi, hii haina, basi imekaa sawa. Ni kweli haina dipstiki. Hizi za gia sita kipimo kipo chini, kwenye sampo, ile trei ya oili chini ya giaboksi: bolti ya kufurikia. Gari ikae tambarare kabisa, injini inaunguruma, unapitisha gia zote kutoka P mpaka D na kurudi, kisha unasubiri oili ifike nyuzi 40 hivi. Ndipo unafungua ile bolti. Oili ikidondoka kidogo kidogo kama bomba bovu la jikoni, imetosha. Isipotoka kitu, unaongeza kwa juu. Ikimwagika kwa nguvu, ilizidi, unaiacha ipungue. Ukipima ikiwa ya moto imetanuka, utadanganyika kwamba imejaa. Ndiyo maana kisomaji cha joto ninakipa alama nyingi kuliko kipoozeo chenyewe: bila hicho hata kupima huwezi.

Baada ya kuijaza ilivyotakiwa, safari iliyofuata Kitonga ile ile, mzigo unaokaribiana, nikaona 101. Foleni ya Ubungo jua la saa nane, 90. Siyo jambo la kutingisha kichwa, ila kwangu nyuzi 18 ni nyingi. Na sehemu ya nafuu hiyo nadhani ni mguu wangu, kwa sababu siku hizi nikiukaribia mlima naweka S, nashikilia gia ya tatu, injini inazunguka juu kidogo, konveta haiteswi.

Sampo kubwa za alumini? Zinaongeza oili, lakini zinaning'inia chini, na kwa barabara zetu mimi hapana.

Oili yenyewe, gari hii inataka Toyota WS. Usiwekewe Type T-IV kwa sababu eti zote nyekundu. WS ni nyepesi zaidi na hazibadilishani. Kuna wanaosema WS ni ya maisha. Maisha ya nani? Nilipofungua yangu kwenye kilomita 70,000 ilikuwa hivi, tazama kwenye hii tishu nyeupe: kahawia, ina harufu ya mbali ya kuungua. Sumaku za ndani ya sampo zilikuwa na ute wa kijivu, laini kama masizi, hiyo ni kawaida. Ukikuta vipande vinavyomeremeta, funga, kamwone fundi wa auto. Ukifungua bolti ya chini haitoki yote, nyingi inabaki kwenye konveta. Mimi nilimwaga na kujaza, nikaendesha wiki mbili, nikarudia.

Kwa hiyo, kama pikapu yako ni ya kwenda kazini na kurudi, hela ya kipoozeo nunulia oili. Kama unavuta tela au unapanda milima na mzigo, kifunge, ila fundi akikwambia atapima kwa macho, chukua funguo zako. Baada ya kilomita 200 rudi ukaze klipu zote.

Ambazo mimi nilikaza... hebu subiri. Mnaliona hilo tone hapo chini ya mpira wa kushoto? Jekundu kabisa. We kijana, niletee bisibisi bapa.