Ngome Kongwe, Unguja: ipitie mchana, kisha urudi usiku

Papasi, yaani dalali wa watalii, aliyenidaka kwenye bustani ya Forodhani alisema ngome hii ni kazi ya Wareno. Nikamwacha aseme, maana maneno yake yalikuwa matamu. Ukweli ni kwamba Wareno walijenga kanisa mahali hapo. Ngome ni ya Waarabu wa Oman, waliowatoa Wareno Mombasa mwaka 1698. Mabaki ya kanisa lenyewe yamo humo humo ukutani.

Niliingia kwanza mchana, bure. Nyua mbili, minara ya duara, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Lakini nisikufiche: mchana pale ni maduka. Picha za kuchora za mtindo wa Tingatinga, vinyago, vifurushi vya karafuu na mdalasini, na bei ya kwanza usiikubali hata kidogo. Nusu saa inakutosha.

Usiku ndiyo habari nyingine. Nilikata tikiti ya taarab, nikakaa kwenye ngazi za mawe za jukwaa la wazi. Adhana ya Isha ilipoanza, wapigaji wakanyamaza wote, hata waliokuwa wakikaza nyuzi. Baada ya hapo ikaanza ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, fidla zikaipokea, na ule ukuta wa nyuma ukairudisha sauti kama nawe uko ndani ya chombo cha muziki. Hata wazungu waliokuwa wakipiga picha kila dakika waliziweka simu chini.

Wimbo wa pili ukiendelea nikakumbuka kwamba hapa palikuwa gereza, kisha karakana ya treni ya kwenda Bububu, na baadaye akina mama wakaja kucheza tenisi! Sasa ni Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004, na filamu za ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar. Kwangu mimi, ngome imepata kazi inayoifaa kuliko zote.

Shida ni moja: yale mawe. Ni magumu, na jua la mchana linabaki ndani yake hadi usiku. Bibi aliyekaa jirani yangu alikuja na mkeka wake. Aliponiona nahangaika akacheka, "Sogea huku mwanangu, utaumia bure." Nilisogea, shikamoo ikafuata baadaye kwa aibu.

Naipa ngome nyota nne. Beba khanga ya kukalia, na usile ukashiba kabla ya kuingia. Urojo na pweza wa Forodhani wako ng'ambo ya barabara, wanakusubiri ukitoka.