Zotero kwa mtafiti wa Unguja na Pemba: nzuri, kwa masharti ya rekodi safi

Mhariri wa jarida anaweza kukurudishia mswada kabla haujafika kwa wahakiki, kwa sababu tu marejeo hayakufuata mwongozo wao. Kwa anayeandika tasnifu SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), anayechambua takwimu za mwani na matumbawe, au anayefuatilia kichocho kule Pemba, Zotero, programu ya kutunza vyanzo na kupanga marejeo, ndiyo ninayoipendekeza mwanzo kwa kazi hii. Ni ya bure, ilitoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na inaingia ndani ya Word, LibreOffice na Google Docs. Maktaba yako inakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo mtandao ukikatika unaendelea kunukuu na kupanga marejeo katika Word. Mitindo ya marejeo iliyopo inazidi 10,000. Ukihama kutoka APA (mtindo wa jina na mwaka) kwenda Vancouver (mtindo wa namba), mswada mzima unabadilika kwa kuchagua mtindo mwingine mara moja.

Kuingiza makala ni kazi ya sekunde chache. Bonyeza kitufe chenye alama ya fimbo ya mazingaombwe, bandika DOI (namba ya kudumu ya makala), ISBN (namba ya kitabu) au namba ya PubMed (hazina ya makala za tiba), gonga Enter, rekodi inajaa yenyewe. PDF ukiiburuta ndani, Zotero huisoma na kutafuta taarifa zake. Ripoti za serikali zilizopigwa skani hazisomeki namna hiyo, kwa vile ukurasa ni picha tu, hauna maandishi ya kusomwa. Hizo zijaze kwa mkono, aina yake uweke Report.

Udhaifu mkubwa wa Zotero, na hapa ndipo wengi wanapoilaumu bure, ni kwamba inachapa kile ilichopewa. Tovuti za wachapishaji hutoa taarifa chafu, nawe ukizikubali bila kuzitazama zitatokea hivyo hivyo mwishoni mwa makala.

Chukua jina la taasisi. Ripoti ya Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar ikiingia katika kisanduku cha mwandishi chenye sehemu mbili, programu hudhani ni mtu: neno la mwisho inalifanya ukoo, mengine inayafupisha. Kwenye orodha utapata kitu kama “Zanzibar, O. ya M. M. wa S.” Dawa yake ni kitufe kidogo pembeni ya jina kinachounganisha sehemu mbili ziwe moja. Kibonyeze, andika jina zima, basi.

Majina yetu ya watu yana mtego wake. Mtu mwenye jina lake, la baba na la babu huandikwa tofauti kila jarida: huku “Khamis, S.”, kule “Khamis, Salim A.” Kwa Zotero hao ni watu wawili, na mitindo kama APA hulazimika kuwatofautisha. Ndiyo maana ghafla ndani ya matini unaona “(S. Khamis, 2019)” wakati nukuu nyingine zote zina jina la mwisho tu. Usifute herufi hiyo kwenye Word, itarudi. Fungua rekodi zote za mwandishi huyo, ziandike jina kwa namna moja, kisha bonyeza Refresh katika sehemu ya Zotero ndani ya Word.

Vichwa vya makala vihifadhi kwa herufi kubwa mwanzoni tu na kwenye majina mahsusi. Programu inaweza kupandisha herufi pale mtindo unapotaka hivyo, lakini haijui kuzishusha. Bofya kichwa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Transform Text, halafu Sentence case, kisha hakikisha Zanzibar na Pemba hazijabaki na herufi ndogo. Majina ya kisayansi yanatakiwa mlazo, na mara nyingi taarifa za mtandaoni hazina. Andika <i> kabla ya Eucheuma denticulatum na </i> baada yake, ndani ya kisanduku cha kichwa. Pale mtindo unapolaza kichwa chote, kama kitabu katika APA, jina la kiumbe litasimama wima. Ni sahihi, liache.

Kwa kazi za Kiswahili kuna kisanduku cha Language ambacho karibu kila mtu hukipita. Andika sw. Bila hiyo, mtindo unaopandisha herufi utakutolea “Kilimo Cha Mwani Katika Pwani Ya Mashariki”, kwa kuwa unafuata kanuni za Kiingereza.

Mitindo ya Vancouver hufupisha majina ya majarida. Zotero ina orodha yake ya vifupisho vya MEDLINE (kanzidata ya makala za tiba), inafaa sana kwa majarida ya tiba. Kwa majarida ya kanda yetu, mfano Western Indian Ocean Journal of Marine Science, usiitegemee. Ondoa tiki ya MEDLINE katika mipangilio ya waraka, ujaze mwenyewe kisanduku cha Journal Abbr kama jarida linavyojifupisha.

Nambari ya ukurasa, au maneno kama “tazama pia”, usiyachape juu ya nukuu. Bofya nukuu, fungua kiputo chake, jaza humo. Ukitaka kuandika “Khamis na wenzake (2019) walionesha”, tia tiki ya kuficha mwandishi, mwaka ubaki peke yake. Ukishachapa kwa mkono juu ya nukuu, Zotero huuliza kama uyaache mabadiliko yako. Ukikubali, nukuu hiyo haisasishwi tena. Kwenye mtindo wa namba huo ni msiba: [7] inabaki [7] hata ikiwa sasa ni ya kumi na mbili.

Waandishi wenza ndio chanzo cha fujo nyingine. Kila mmoja akinukuu makala ile ile kutoka maktaba yake binafsi, programu inahesabu kazi mbili: orodha inairudia, na matini inapata 2019a na 2019b. Fungueni maktaba ya kikundi kabla sentensi ya kwanza haijaandikwa, wote wanukuu kutoka humo. Tena msihamishe waraka kati ya Google Docs na Word kwa kupakua tu, viungo vitakatika. Kwenye mipangilio ya waraka ya Zotero kuna njia rasmi ya kubadili programu ya uandishi. Itumieni hiyo.

Nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili ni MB 300, nayo hujaa upesi kwa PDF. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka. Kabla ya kulipa, zima usawazishaji wa mafaili, uache wa rekodi peke yake. Rekodi hazihesabiwi katika nafasi hiyo, na bando halimalizwi na PDF. Ila PDF zitakuwa kwenye kompyuta moja tu, kwa hiyo zinakili kwenye diski ya nje.

Waraka mrefu kwenye kompyuta ya zamani utasuasua kila unapoongeza nukuu. Ondoa tiki ya kusasisha nukuu moja kwa moja, ubonyeze Refresh mwisho wa kazi ya siku.

Siku ya kuwasilisha, hifadhi nakala ya pili ya faili. Kwenye nakala hiyo peke yake bonyeza Unlink Citations, marejeo yawe maandishi ya kawaida yasiyovurugika kwenye mfumo wa jarida. Ile ya kwanza, yenye viungo, ibaki kwako, kwani wahakiki wakitaka uongeze marejeo matano katikati ya mjadala, ndiyo utakayoifanyia kazi.