Kamusi iliyonisaidia kuinadi nyumba yangu: uzoefu wangu

Nina vyumba viwili vya wageni hapa Moshi, na wengi wanaofikia kwangu huwa wamekuja kupanda Kilimanjaro. Tangazo la Kiingereza niliandika mwenyewe, kwamba nyumba ni "very smart". Kwetu smati inatosha: kijana smati, nyumba smati, kila mtu ameelewa. Mwaka jana mgeni kutoka Marekani, hata begi hajalitua, akaniuliza taa zinawashwa kwa programu gani ya simu; kwake nyumba "smart" ni ile inayoendeshwa kwa simu. Iliniuma, kwa sababu nyumba hii naideki na kuitunza kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikajaribu programu moja ya visawe. Ukiandika "clean" inakumwagia maneno lukuki, lakini haikuambii lipi linakaa wapi. Nikaifuta.

Ndipo nikahamia Oxford Learner's Dictionaries, tovuti ya bure. Chimbuko lake ni kamusi ambayo A. S. Hornby aliiandaa akifundisha Japani, na Oxford wakaichapisha 1948. Yaani tangu mwanzo ililenga sisi tunaojifunza, na maelezo yake ni mepesi kweli. Nikatafuta "smart". Imeandikwa kwamba maana ya unadhifu ni hasa ya Kiingereza cha Uingereza. Kumbe!

Usiku ule sikulala mapema. "Tidy" ni mpangilio: chumba kinaweza kuwa "tidy" na juu ya kabati vumbi limelala. Usafi wenyewe ni "spotless", kisicho na doa, na hapo nikaifikiria sakafu yangu nyekundu ninayoisugua kwa nta kila Jumamosi. "Immaculate" inapanda juu zaidi, nayo asili yake ni Kilatini, ambako macula ni doa. Ndilo neno ambalo Wakatoliki wa Kiingereza humwitia Bikira Maria, Mkingiwa Dhambi ya Asili. Hilo nimeziwekea shuka nyeupe tu, zikiwa zimetoka kupigwa pasi. "Pristine" ni kitu kilichobaki kama siku ya kwanza, kwa hiyo kiti cha mninga cha marehemu baba hakimo, hata king'ae vipi. Hicho ni "well kept", kimetunzwa, na kwangu sifa hiyo ni kubwa kuliko upya. Jengo na pampu ya maji ni "well maintained". Bustani ina lake, "well tended".

Kila neno lina matamshi ya Uingereza na ya Marekani. Mimi husikiliza yote mawili kabla ya kupokea simu ya mgeni, hasa "immaculate", ambalo mkazo wake uko silabi ya pili.

Tangazo sasa linasema "spotless rooms, a well-tended garden". Mgeni aliyefika wiki iliyopita alipitiliza hadi kwenye uzio wa michongoma, akapitisha kiganja juu yake pale ilipokatwa sawasawa, akauliza fundi ni nani. Nikamwambia ni mimi.