SMS Emden ya Revell, kipimo 1/350: bodi nzuri, mizinga na milingoti ni juu yako

Emden halisi, manowari ya Ujerumani ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na urefu wa mita 118.3, kwa hiyo modeli hii iliyopunguzwa mara 350 inatoka karibu sentimita 34. Inakaa kwenye rafu ya kawaida bila kumfukuza mtu. Bismarck, manowari kubwa ya Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili, kwa kipimo hichohicho inadai sentimita 72 na meza yake peke yake. Kwa aliyezoea manowari ndogo za 1/700 na sasa anataka kupanda daraja, hii ndiyo tungemshauri aanze nayo: dohani tatu, milingoti miwili, mizinga kumi ya wazi, basi. Toleo la kawaida ni plastiki, stika za maji na karatasi ya maelekezo. Vyuma vya kando ya sitaha havimo, na karatasi ya shaba iliyokatwa kwa asidi unainunua kando.

Kabla ya kugusa gundi, chagua meli ya lini. Wakati wa amani Emden ilikuwa nyeupe, dohani na milingoti rangi ya manjano iliyofifia, sura iliyokuwa ikionekana Tsingtau, kituo cha Wajerumani huko China. Vita vilipoanza mwaka 1914 ilipakwa kijivu. Uamuzi huu si wa urembo tu, maana unapanga kazi yote. Meli ya kijivu unaweza kuiunganisha karibu yote kisha ukaipulizia rangi kwa pamoja. Nyeupe haikubali hivyo: dohani zipakwe zikiwa bado nje, bodi peke yake, sitaha peke yake, la sivyo utamaliza mwezi ukiziba kwa utepe sehemu ambazo kidole hakifiki.

Bodi imegawanywa kushoto na kulia, na hapo ndipo modeli nyingi huharibikia. Makosa ni mawili. La kwanza ni kupaka gundi urefu wote kwa mkupuo. Upande mmoja unawahi kushika, mwingine unateleza, bodi inajikunja kidogo usiione, halafu siku ya kuweka sitaha inagoma. Funga pande zote mbili kwa utepe ukiwa umeiweka sitaha mahali pake bila gundi, kisha tia gundi nyembamba kwa brashi, sentimita tano tano, kuanzia omo (mbele) kwenda tezi (nyuma). Bana hadi uone uzi mdogo wa plastiki iliyoyeyuka ukichomoza kwenye maungio. Uzi huo ndio puti yako ya kwanza.

Kosa la pili ni haraka ya msasa. Plastiki iliyolainishwa na gundi inaendelea kunywea kwa siku kadhaa. Ukiisawazisha jioni hiyohiyo, wiki ijayo utakuta mfereji mwembamba kwenye mkuku, na chini ya rangi nyeupe utaonekana kama kovu. Iache saa 48. Kwangua uzi kwa kisu, pitisha msasa wa maji namba 400, kisha 800. Puti na msasa wa mafundi wa magari vinafaa kabisa, ila praima ya magari ijaribu kwanza kwenye mabaki ya fremu (vijiti vinavyoshikilia vipande vya modeli), kwa sababu baadhi zina tina kali inayoila plastiki hii hadi ikawa na chunjua. Gundi ya plastiki yenyewe iagize mapema: ni kimiminika kinachoshika moto, na wasafirishaji wengi wa ndege hawakipokei.

Madirisha ya duara yatoboe tena kwa keekee ya mkono, sindano ya milimita 0.8. Ya umeme inayeyusha kingo. Kabla hujazungusha, chomeka ncha ya pini katikati ya kila duara ili keekee isihame. Ni mengi na yanachosha, lakini tundu lenye kina ndilo linaloifanya bodi ionekane ni chuma chenye watu ndani.

Mstari wa maji usiupime kwa macho. Kina cha meli kilikuwa takriban mita 5.5, yaani kama milimita 16 kwenye modeli. Funga penseli juu ya kibao chenye kimo hicho, weka bodi wima juu ya kioo, zungusha kibao pande zote. Dakika tano, umemaliza.

Sasa mizinga. Ni kumi ya sentimita 10.5: miwili sambamba omo, miwili sambamba tezi, mitatu kila ubavu. Bomba la kila mmoja lilikuwa na urefu wa mita 4.2, hivyo hapa ni milimita 12. Tundu la mdomo ni milimita 0.3, kitu ambacho plastiki ya aina yoyote haiwezi kutoa, na hapo ndipo jicho la mtazamaji linapotua kwanza. Mabomba ya shaba yaliyochongwa ni mazuri, ila bei yake kwa kumi inauma. Njia ya bei nafuu ni sindano ya hospitali namba 23 kutoka duka la dawa: nje milimita 0.64, ndani kama 0.34. Kata milimita tano za mbele za bomba la plastiki, toboa, chomeka kipande cha sindano, funga kwa tone la supa gluu. Sindano usiikate kwa koleo, inabonyea na tundu linazibika. Izungushie mkato kwa tupa nyembamba kisha ivunje, na vaa miwani, kipande kinaruka.

Msomaji aliye Mombasa ana bahati ambayo wajenzi wa Ulaya hawana. Mzinga wa Königsberg, manowari ya Ujerumani iliyozama mto Rufiji, uliopo Fort Jesus ni wa aina hiyohiyo ya sentimita 10.5 iliyokuwa kwenye Emden. Nenda na futi na simu, upige picha ya bomba na sehemu ya kujazia. Gari la magurudumu lisikuchanganye, hilo lilitengenezwa baada ya mizinga kuopolewa Rufiji ili itumike nchi kavu. Na usishawishike kuiandika modeli hii jina la Königsberg. Ile ilikuwa fupi kwa mita tatu, karibu milimita tisa hapa. Hata Dresden, iliyo pacha wa Emden, ina tofauti: ilitumia tabo (injini za turbini) na rafadha nne, Emden injini za pistoni na rafadha mbili.

Milingoti ya plastiki tunaihesabu kuwa kielelezo cha urefu tu. Ukifunga kamba ikiwa imekazwa, inapinda kama fimbo ya kuvulia. Tumia waya wa shaba wa milimita 0.8 chini na 0.5 juu. Kwa kamba, piga hesabu: kamba halisi ya sentimita mbili ni milimita 0.06 hapa, unene wa unywele. Uzi wa kushonea unakuwa nguzo. Yeyusha kidogo kipande cha fremu juu ya mshumaa, kivute, nawe una kamba za kutosha. Anza katikati ukitoka nje, juu ukishuka chini. Rangi iwe kijivu cha giza. Nyeusi tupu inapiga kelele.

Anayejenga meli ya kijivu anaweza kuongeza dohani ya nne. Emden iliisimamisha ya bandia, ya mbao na turubai, ifanane na HMS Yarmouth, manowari ya Uingereza yenye dohani nne, na ndivyo ilivyoingia bandari ya Penang, Malaya, tarehe 28 Oktoba 1914. Chukua mrija wa plastiki, uvalishe karatasi laini iliyolowa gundi nyeupe ya maji, na uache mikunjo michache. Ikiwa nyororo kama zile tatu, hakuna atakayejua umejenga nini.

Vyuma vya kando ya sitaha viwe vya mwisho kabisa, baada ya kamba. Wengi huvitanguliza, kisha kiganja kinavilaza wakifunga mlingoti wa nyuma.