Gasketi ya tapeti kava, silikoni nyeusi na dawa ya chupa: kipi kinazuia oili kwenye IST

Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, ile ya cc 1497 iliyomo kwenye IST nyingi, Spacio na baadhi ya Vitz, ikizeeka haimwagi oili kwa kishindo. Inaanza kutoa jasho. Vumbi la Arusha linalidaka jasho hilo, linageuka tope jeusi lililoganda ubavuni mwa injini, na asubuhi moja unakuta tone pale gari lilipolala. Ukishuka kwenye maduka ya spea ya Unga Limited utawekewa mezani vitu vitatu: gasketi mpya ya tapeti kava (mpira unaoziba mshono wa kava inayofunika juu ya injini), tyubu ya silikoni, na chupa ya dawa ya kumimina kwenye oili. Tunavipima vyote vitatu hapa kwa macho ya mtu anayefanya kazi mwenyewe nyumbani, mwenye racheti, boksi namba 10 na Jumamosi moja.

Msimamo wetu tunausema mapema. Nunua gasketi laini ya mpira na silikoni nyeusi ya injini, na ya silikoni utatumia kiasi cha punje mbili za mahindi tu. Chupa ya dawa ina kazi yake, lakini ni ndogo kuliko lebo inavyodai.

Usitoe pesa kabla hujajua oili inatokea wapi. Oili hushuka chini, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo tone linaloning'inia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, mara nyingi limetoka juu kabisa. Watu wengi wameshusha sampu, wakaipaka silikoni upya, kumbe kidonda kiko kwenye kava. Injini ikiwa ya baridi, funika alternata na soketi za umeme kwa nailoni, sugua tope kwa brashi na mafuta ya taa, kisha suuza na uache ikauke. Nyunyiza poda ya watoto kuzunguka ukingo wa tapeti kava, kwenye mshono wa kava ya cheni upande wa mikanda, kwenye swichi ya presha ya oili na pale filta inapokaa. Washa gari dakika kumi na tano, halafu lipandishe mwinuko wa kuelekea Ilboru na urudi. Ukifungua boneti utaona mstari wa kahawia umechora kwenye poda. Ufuate kwenda juu mpaka unapoanzia. Hapo ndipo pa kutengeneza, na si pale linapodondokea tone.

Poda ikilowa kwenye filta, angalia kama mpira wa filta ya zamani uliganda kwenye bloku na mpya ikafungwa juu yake. Mipira miwili hutema oili kwa presha, na kosa hilo humaliza oili haraka kuliko yote tunayoyataja hapa. Poda ikilowa kwenye swichi, hasa oili ikitokea ndani ya soketi ya waya, swichi imekufa. Badilisha, hakuna cha kuziba.

Kuna kifaa kidogo kisichotajwa dukani kwa sababu hakina faida kubwa kwa muuzaji: vali ya PCV, iliyochomekwa kwenye tapeti kava na kuunganishwa kwa mpira na manifodi ya hewa, yaani mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Kazi yake ni kutoa hewa iliyobanwa ndani ya injini. Ikiziba kwa masizi, presha inapanda na oili inatafuta mlango popote mpira ulipochoka. Ichomoe, itikise: nzima hulia cheke-cheke. Puliza kutoka upande wa injini: hewa inapita vizuri. Puliza upande wa pili: inapita kwa shida. Isiyolia wala kupitisha hewa ibadilishwe siku hiyohiyo, la sivyo gasketi mpya itaanza kutoa jasho kama ile ya zamani.

Sasa gasketi yenyewe. Kwenye meza za spea zipo za aina mbili zinazofanana kwa mbali. Nzuri ni laini, nyeusi isiyong'aa sana, na ukiikunja mpaka ncha zikutane inarudi umbo lake bila kuacha alama. Mbaya ni ngumu kama bomba la maji, ukiikunja pale kwenye kona inatoa ufa mweupe, na mara nyingine ina mabaki ya plastiki ya kalibu ubavuni. Usiinunue bila kuijaribu kwenye kava. Ikiwezekana nenda na kava yako, au nenda na gasketi ya zamani uilaze juu ya mpya. Gasketi sahihi inalala kwenye mfereji wake yenyewe, bila kuvutwa na bila kubaki na tumbo. Ukilazimika kuivuta ifike, siku ya moto itajivuta irudi na kona itafunguka. Angalia pia duara nne za mashimo ya plagi. Oili ikijaa kwenye shimo la plagi, koili inayoipa plagi umeme inapata hitilafu na gari linaanza kukosa moto, na watu hununua koili wakati kilichohitajika ni mpira.

Kwenye silikoni ndiko watu wanapopotea zaidi. Nyekundu inapendwa kwa sababu inaonekana na kwa sababu imeandikwa joto kali. Kustahimili joto ni jambo moja, kustahimili oili ni jingine. Kwa kava na sampu chukua nyeusi iliyoandikwa kwamba ni ya oili. Permatex Ultra Black ni ya kazi hii hasa: inabaki na unyumbufu hata ikilowa oili. Ultra Grey ya kampuni hiyohiyo ni ngumu zaidi, inafaa pale chuma kinapokutana na chuma na bolti zinakazwa sana. Toyota wenyewe wana tyubu yao nyeusi, namba 08826-00080, na vitabu vyao vya matengenezo vinataja ThreeBond 1207B kama inayolingana nayo. Yoyote kati ya hizi inatosha. Tyubu ukiifungua ikanuka siki kali, iweke pembeni. Hiyo inatoa asidi inayokula chuma, nayo ni ya madirisha na masinki.

Kiasi ndicho kinachotenganisha kazi nzuri na injini iliyokufa. Gasketi ya mpira haipakwi silikoni kuizunguka yote. Silikoni inahitajika sehemu mbili tu: pale kava ya cheni inapokutana na silinda hedi (kichwa cha injini, pale kava inapokalia), kona ya mbele na kona ya nyuma, upande wa mikanda. Pale pana mshono wa vyuma viwili ambao mpira peke yake hauwezi kuujaza, na ndipo 1NZ nyingi zinapovujia hata baada ya gasketi mpya. Weka tone moja kila kona. Anayepaka utepe mnene kila mahali anafikiri anajihakikishia, lakini kinachofinywa ndani hukatika kama uzi, huelea kwenye oili na kushuka mpaka kwenye chujio la pampu ndani ya sampu. Ukilifungua chujio la injini iliyotengenezwa hivyo unakuta nyuzi za silikoni zimejisokota kwenye wavu, oili haipiti, na taa ya presha inawaka ukiwa njiani.

Kazi yenyewe haina haraka. Acha injini ipoe kabisa. Toa kifuniko cha plastiki cha juu na mipira ya hewa, toa soketi za koili kwa kubonyeza kibano chake polepole, kwa sababu plastiki iliyopikwa miaka mingi inavunjika kama biskuti. Toa koili nne, zipange kwa namba. Kabla ya kufungua kava puliza au futa mchanga wote ulio pembeni yake, maana ukishafungua, kila chembe inaangukia kwenye kemu, zile shafti zinazofungua vali. Bolti na nati zote ni za namba 10. Zilegeze kidogo kidogo kutoka nje kuelekea katikati. Kava ikigoma, igonge kwa kiganja au nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi kwenye mshono: kava ni laini, na mkwaruzo mmoja unakuwa njia ya oili.

Usafi ndio nusu ya gharama ya kazi hii na hauuzwi dukani. Toa mpira wa zamani wote kwenye mfereji, kwa kijiti cha mti au plastiki. Kwangua silikoni ya zamani kwenye zile kona mbili mpaka uone chuma. Mafuta ya taa yanaondoa uchafu lakini yanaacha utando, na silikoni haishiki kwenye utando. Malizia kwa spirei ya kusafishia breki na kitambaa kisichotoa nyuzi, usoni pa hedi na kwenye mfereji. Petroli usiitumie, mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo.

Ukishaweka yale matone mawili una dakika tatu za kufunika, huo ndio muda Toyota wanaoutoa. Kava ishuke wima, isiburuzwe. Kaza kwa mkono zote kwanza, halafu kutoka katikati kwenda nje kwa awamu mbili au tatu. Mwisho ni Nm 10, na hiyo ni kidogo sana: ukishika racheti fupi karibu na kichwa, vidole vitatu vinafika. Mkono uliozoea nati za tairi utakata bolti au utaifinya gasketi mpaka itoke pembeni. Anayeweza kuazima toki renchi ndogo, ile inayopima nguvu ya kukaza, aiazime.

Kisha subiri. Toyota wanataka saa mbili kabla silikoni haijaguswa na oili. Permatex wanasema inakomaa kabisa kwa saa 24. Silikoni hizi hukauka kwa unyevu wa hewa, nayo baridi huzichelewesha, kwa hiyo Juni na Julai Arusha ichukulie kuwa ni kazi ya kulala nayo. Funga jioni, washa kesho yake. Kama oili ulishaimwaga, injini hii inachukua karibu lita 3.7 pamoja na filta. Jaza lita tatu na nusu kwanza, washa, zima, pima kwa stiki ndipo umalizie. Oili chafu iweke kwenye galoni uipeleke gereji inayoikusanya. Mitaro ya mji huu inaishia mto Themi, na kuna watu wanamwagilia mboga kwa maji yale.

Na ile chupa ya dawa? Nyingi zinafanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka. Sili ya krenki, yaani mpira unaoziba pale shafti kuu ya injini inapotokea nje, ikiwa imekakamaa na inatoa tone moja kwa usiku inaweza kupungua baada ya kilomita mia kadhaa. Gasketi iliyopasuka haiponi, na mshono uliofungwa kwa silikoni hauna mpira wa kuvimbishwa. Kwa tapeti kava ya IST tunaiona ni pesa iliyopotea. Mahali pekee tunapoikubali ni sili ya nyuma ya krenki kwa mtu anayejikusanya, kwa kuwa sili hiyo haifikiki bila kushusha giaboksi, na kushusha giaboksi chini ya gari lililopandishwa kwa jeki na tofali hatumshauri mtu yeyote. Poda ikionyesha oili inatoka pale giaboksi inapoungana na injini, funga boneti, pima oili kila wiki, na ulipeleke gari kwa fundi mwenye shimo au lifti.

Kwa waliofunga gasketi: baada ya kilomita mia moja nyunyiza poda tena kwenye zile kona mbili za upande wa mikanda. Zikibaki nyeupe, kazi imeisha.