Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS: uzoefu wangu wa kuwawekea wanangu akiba

Kwa wenye haraka nianze na jibu. Kama unatafuta pa kuweka pesa ya mtoto mdogo ambayo haitaguswa kwa miaka kumi na zaidi, Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, taasisi inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja hapa Tanzania, ndio nilioridhika nao kuliko njia nyingine zote tulizojaribu mimi na baba watoto.

Mfuko huu upo tangu 2008. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogondogo za mfuko, kwa jina la mtoto aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayesaini. Kuanza ni shilingi 10,000, kuongeza ni kuanzia 5,000. Pesa za wawekezaji wote huunganishwa, sehemu ikaenda kwenye hisa za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, sehemu kwenye hatifungani za serikali, yaani pesa unayoikopesha serikali ikakulipa riba, na amana za benki. Thamani ya kipande hutangazwa siku za kazi, kwa hiyo ukijua una vipande vingapi hesabu unaipiga mwenyewe. Kwenye fomu unachagua kati ya mpango wa karo na ule wa kukuza mtaji. Sisi tulichukua wa kukuza mtaji. Watoto wetu wanasoma shule za serikali, na ada ya shule hizo ilifutwa 2016 hadi kidato cha nne, kisha 2022 kwa kidato cha tano na sita. Tunachokitazama ni chuo. Mkopo wa elimu ya juu hautoshi kila kitu, na wapo wanaoukosa kabisa.

Kabla ya hapo tulikuwa na akaunti ya mtoto kwenye benki moja. Riba yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndogo inakatwa kodi ya asilimia 10. Lakini tatizo kubwa kuliko riba lilikuwa wepesi wa kutoa. Msiba ukitokea, pesa ya mtoto inasafiri. Mchango wa harusi ukifika, pesa ya mtoto inachangia. Kila mara tunaahidiana kurudisha, na mwezi unaofuata una mambo yake. Kwenye mfuko, kuuza vipande kunataka fomu na kusubiri siku kadhaa, na masharti yenyewe yamefungamana na umri wa mtoto. Kwa familia kama yetu, ambayo simu ikiita usiku lazima mtu atoe, ugumu huo ni sehemu ya usalama. Nausifu bila kusita.

Kuhusu usalama wenyewe nataka niseme waziwazi, kwa sababu nawapenda wazazi wenzangu na nimeona wakilia. Wengi bado tunaukumbuka upatu wa DECI wa 2009, watu "wakipanda mbegu" wakiahidiwa mavuno makubwa kwa muda mfupi. Tangu wakati ule swali langu la kwanza si "napata ngapi", ni "nani anamsimamia huyu". UTT AMIS ni taasisi ya serikali, mifuko yake iko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na mali za mfuko hutunzwa na benki, si na meneja anayeziwekeza. Hata hivyo hakuna anayekuhakikishia faida. Hisa zikishuka, kipande nacho kinaweza kushuka. Ile kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo sasa inafika shilingi 7,500,000 kwa mwenye amana, ni ya amana za benki, si ya vipande. Pesa unayoihitaji Januari ijayo usiipeleke huku.

Anayeogopa kushuka kwa kipande aukumbuke Desemba 2011, mfumuko wa bei ulipofika asilimia 19.8. Aliyekuwa na pesa kwenye akaunti ya kawaida hakupungukiwa hata senti kwenye daftari, ila dukani alinunua kidogo kuliko mwaka wa nyuma. Siku hizi mfumuko uko karibu na asilimia 3, lakini mtoto wa miaka mitatu ana miaka kumi na mitano mbele yake, na mengi yatapita humo.

Tuliwahi pia kukaa na wakala wa bima ya elimu. Bima ina kitu ambacho mfuko hauna: mzazi akifariki, mpango wa mtoto unaendelea. Hilo ni zito na silidharau. Ila nilipouliza nikikatisha mwaka wa pili narudishiwa shilingi ngapi, jibu lilizungukazunguka. Ukiitaka bima, jibu la swali hilo lipate kwa maandishi kabla ya kusaini.

Kitu kilichotusaidia sana baadaye ni kuunganisha mfuko na hatifungani ya serikali. Hatifungani inataka kuanzia shilingi 1,000,000, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Ile ya miaka 25 ilipoanza 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, na matoleo ya baadaye yamekuwa na riba tofauti, kwa hiyo angalia riba ya mnada wa hatifungani wa wakati wako. Riba ikiingia kwenye akaunti ya mzazi huliwa, tusidanganyane. Sisi ikiingia tu tunainunulia watoto vipande. Bibi yao na shangazi yao nao wana namba za uwekezaji za watoto. Sikukuu ikifika wanawawekea badala ya kununua nguo, na wanafurahia kuulizia vimefika vingapi.

Binti mkubwa akiingia kidato cha tatu tutaacha kumwongezea vipande hapa. Pesa mpya tutaipeleka Mfuko wa Ukwasi wa hao hao UTT AMIS, usiogusa hisa, ili chuo kisimkute soko likiwa chini.